Nzi wa Mfongoni

Picha ya kwanza ilitoka kidole gumba.
Ya pili, jani la gimbi na tone la maji
lililojiona kubwa kuliko jani.
Ya tatu ndiyo niliyomwonyesha Ndekirwa.
Akaisogeza mbali, akaileta karibu,
akasema: Dada, simu yako imepasuka kioo,
hicho ni kichwa kimoja kimejichora mara mbili.

Miaka thelathini na moja nimesoma damu za watu
juu ya vioo vyembamba, maabara ya chini, dirisha la kaskazini.
Ufa naujua. Najua vumbi linapojifanya kimelea.
Huyu hakuwa ufa.
Kichwani kilimtoka kijiti huku na kijiti kule,
na mwisho wa kila kijiti, jicho,
jekundu kama buni iliyoiva,
kana kwamba aliyemuumba alikwisha kumaliza uso
ndipo akakumbuka macho,
akayabandika palipobaki nafasi.

Nilihesabu mabawa: mawili. Basi ni nzi.
Hapo ndipo elimu yangu ilipoishia.

Nikaituma Arusha kwa Theofrida,
niliyesoma naye hadubini benchi moja,
yeye akaenda kwa wadudu wa mahindi, mimi kwa malaria.
Akajibu usiku: Mguu wa mbele hauonekani.
Bawa lina doa? Kifuani kuna miiba mingapi?
Kisha, baada ya kimya cha kuchemsha chai:
Na anafanya nini?

Anafanya nini! Amekaa. Ni nzi.

Picha ni maiti inayong'aa, akaandika.
Kaa naye.

Nikabeba kigoda cha jikoni
nikaketi mfongoni, chini ya migomba ya Kibosho,
pale maji yanapokata kona kuingia kwa akina Mlay
na masale ya mpaka yanapoanza,
masale ambayo mimi na Ndekirwa tunayapita kimya
tangu msimu ule wa kamba na kuhesabu hatua.
Siku ya kwanza mbu walinisoma mimi.
Ya pili, mvua.
Ya tatu niliwaona wakila:
walilamba ukungu wa jani lililooza, basi.
Mbuzi ana kidonda hatua tano kutoka hapo,
hawakumtazama. Jikoni hawakuingia.
Ile methali ya nzi na kidonda
haiwahusu hawa.

Ya nne, jua likijikunja nyuma ya mgomba,
walikuja kwenye vimizizi vinavyoning'inia ukingoni,
kila dume na mzizi wake,
hadi mmoja akatua kwenye mzizi usio wake.
Wakakabiliana. Kijiti kwa kijiti, jicho kwa jicho,
kama mafundi wawili wanaolinganisha mbao kabla ya msumari.
Wakatanua miguu ya mbele. Wakatulia.
Hakuna aliyepigwa.
Haikutimu dakika, mwenye upana mdogo
akashusha mguu, akarudi nyuma kidogo,
akaondoka.
Nikakumbuka simu ikiwa bado mfukoni.

Nikamwandikia Theo kwa maneno matupu.
Akapiga akicheka: Ndio hao! Wanapimana macho!
Ukoo wake naujua. Yeye mwenyewe, hapana,
doa hilo la bawa halimo katika vitabu vyangu.
Labda lipo mahali. Labda hakuna aliyewahi kuleta kigoda.
Nitie mmoja kwenye spiriti, nikuambie.

Chupa ninayo. Spiriti ninayo.
Zimekaa dirishani wiki ya pili, kifuniko hakijaguswa.
Daftarini nimeandika: Nzi, mfongoni,
saa kumi na mbili kasoro, mvua jana. Jina: nukta tatu.

Jana Ndekirwa alikuja na kigoda chake.
Hakuniuliza kitu. Alikiweka upande wake wa masale,
goti lake na langu yakaachana kwa jani moja.
Wawili wakatua, wakaanza kupimana.
Wa kushoto huyo, akanong'ona, anashinda.
Akaondoka wa kushoto.
Kesho, akasema Ndekirwa, nakuja na miwani.